Kabla hujachagua herufi, kaa usikilize kwanza

Mi nipo kwenye timu inayotafutia maandishi lugha ambayo haikuwahi kuandikwa, na kosa letu la kwanza nalikumbuka vizuri sana, tulichukua irabu tano za Kiswahili tukazipachika kama zilivyo, basi. Kumbe lugha yenyewe ina irabu saba. Siku mama mmoja anasoma sentensi yetu akafika katikati akasimama, akarudi nyuma, akasoma tena kimoyomoyo, alafu akauliza, "Hapa mmesema amechimba au amepika?" Maneno mawili tofauti kabisa na sisi tumeyaandika sawasawa!

Kwa hiyo ndugu yangu, usianze na herufi. Rekodi watu wakiongea, tafuta maneno yanayopishana sauti moja tu, hapo ndo utajua lugha inahitaji herufi ngapi. Hii kazi inachosha ila hakuna njia ya mkato.

Kingine ni kibodi. Kikuyu nacho kina irabu saba, wao wanaandika ĩ na ũ, na inasomeka safi, lakini kwenye simu wengi wanaziacha hizo alama kwa sababu kuzitafuta ni kazi. Hata Kiswahili, angalia watu wanavyochati "ngombe" badala ya ng'ombe. Alama ikisumbua kuandika itadondoka tu. Toni pia, yaani sauti kupanda na kushuka, msiweke alama kila silabi, wekeni pale inapobadilisha maana, mfano lugha ambayo toni tu ndo inatenganisha maana ya "alikuja" na "atakuja".

Na wanaotaka kubuni herufi mpya kabisa, siwakatazi, kuna watu wamefanikiwa. Sequoyah aliwapa Wacherokee, wenzake wenyeji wa asili wa Marekani, herufi za silabi (alama moja kwa silabi moja) mwaka 1821, na yeye Kiingereza hajui kukisoma. Ibrahima na Abdoulaye Barry wa Guinea walianza Adlam, herufi za Kifulani, mwaka 1989 wakiwa bado watoto, ila kuingia Unicode (orodha ya herufi ambazo simu na kompyuta zinazitambua) ni 2016, yaani miaka 27. Jiulizeni kama wazungumzaji wenu wana huo muda.

Mwisho majaribio. Aliyeandika asiwe ndo msomaji, maana yeye tayari anajua alichokusudia, atasoma hata herufi zikiwa mbovu. Mpe mtu mwingine barua ambayo hajawahi kuiona, kaa pembeni, usimsaidie hata kama inakuuma, na kila anaposimama piga mstari wa penseli kwenye nakala yako. Kesho yake timu ianzie kwenye hiyo mistari.