Chujio la maji nyumbani: usiisahau ndoo ya chini

Nyumbani kwetu Dar es Salaam tunatumia chujio la ndoo mbili zilizobebana. Ya juu ina mishumaa miwili myeupe ya udongo, yaani vichujio vyenye umbo la mshumaa, ya chini ina koki. Tumeishi nalo kwa miaka, na ndugu na majirani wamezoea kuniita nikawaangalizie ya kwao wanapoona maji yananuka au mtoto anaharisha. Karibu kila ninapofungua, mishumaa naikuta mizima. Uchafu uko kwenye ndoo ya chini, ndani ya koki, na kwenye kikombe cha kuchotea. Maji yanasafishwa juu, yanachafuliwa chini, halafu lawama anabebeshwa mshumaa.

Lakini kabla ya usafi kuna jambo la kujua: maji yako yana tatizo gani? Mama mmoja wa Kigamboni aliniuliza kwa uchungu, "Dada, hili chujio limekufa? Nachuja kila siku, chumvi iko palepale." Nikamwambia, "Halijafa, mama. Hiyo siyo kazi yake." Chumvi imeshayeyuka, inapita kwenye mshumaa pamoja na maji yenyewe. Mshumaa unazuia vitu vyenye umbo: tope, kutu, mayai ya minyoo, amiba na bakteria. Vitundu vya mshumaa mzuri ni vidogo kuliko maikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na ukuta wake ni mnene kiasi kwamba bakteria wa kipindupindu au wa homa ya matumbo ananasa njiani. Virusi ni vidogo zaidi, vinaweza kupenya. Kwa hiyo mshumaa peke yake unatosha kwa maji ambayo si machafu sana, lakini kipindupindu kikitangazwa, au maji yakitoka mahali usipopaamini, ongeza dawa au chemsha. Wakazi wa Dar wa Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka Kinondoni na baadaye kusambaa mikoani, hawahitaji kukumbushwa.

Kwa ndugu zangu wa Arusha, hasa upande wa Meru na Usa River, tatizo ni floraidi, na hapa naomba mnisome kwa makini. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kukuonya. Inatoka kwenye miamba ya volkano na ndiyo inayowapa watoto meno ya kahawia. Ikizidi kwa miaka mingi hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima na vijito vya ukanda ule vinavyopita hapo mara kadhaa. Mshumaa hauiondoi. Kuchemsha kunaiongeza, maana maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki sufuriani. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa muda mrefu, au mashine ya osmosisi, inayosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, au maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, ambayo kwa kawaida hayana floraidi ya kutia wasiwasi. Mtanzania mwenzetu, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, alitengeneza chujio la mchanga na chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, linaloweza kurekebishwa kulingana na tatizo la maji ya eneo husika, na mwaka 2015 lilimpa tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ukitumia mkaa wa mifupa, kumbuka unachoka. Siku unapochoka hutaonja tofauti yoyote, kwa hiyo peleka maji yakapimwe na ubadilishe kwa ratiba. Mwenye watoto wadogo asichelewe: meno ya ukubwani hutengenezwa yakiwa bado ndani ya ufizi, na doa likishaingia halitoki kwa kupiga mswaki.

Wenye visima vya chumvi siku hizi wananunua mashine za osmosisi za kufunga chini ya sinki. Ni nzuri, zinaondoa chumvi, floraidi na vijidudu, ila zinataka umeme au presha ya kutosha, na zinamwaga maji mengi: mashine ya kawaida inaweza kumwaga lita tatu ili ikupe moja. Yakinge kwenye ndoo upigie deki au umwagie choo. Vichujio vya mwanzo, kile cheupe cha kuzuia tope na vile vya mkaa, vibadilishwe kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili kulingana na maji yako. Usivicheleweshe kwa kubana matumizi, kwa sababu klorini ya maji ya bomba isipozuiwa na mkaa inaharibu ule utando wa ndani, na utando ndiyo kitu cha bei. Nunua kipima chumvi kile kidogo cha mkononi. Pima maji yanayoingia na yanayotoka mashine ikiwa mpya, andika namba kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango wa kabati. Namba ya yanayotoka ikianza kupanda mwezi hadi mwezi huku ya yanayoingia haijabadilika, utando umechoka. Lakini kipima hicho hakioni vijidudu hata kimoja. Kinaweza kuonyesha namba ndogo kama 30 na maji hayo bado yakakulaza.

Na ukikutana na muuzaji anayetumbukiza vyuma viwili vya umeme kwenye glasi mbili, ya bomba ikageuka tope la kahawia na ya mashine yake ikabaki nyeupe, usishtuke. Ile rangi ni kutu ya vyuma vyake mwenyewe. Maji yenye madini yanapitisha umeme na chuma kinaoza humo. Maji yasiyo na madini hayapitishi. Hakuna alichokuonyesha kuhusu usalama, na inaniuma kuona wazazi wanatolewa pesa za ada kwa hofu ya namna hiyo.

Nirudi kwenye ndoo zetu mbili, maana ndizo ziko kwenye nyumba nyingi.

Maji yakiwa na tope, kama yanavyokuja mvua zikichafua mto Ruvu au bomba linapofunguka baada ya mgawo, usiyamimine moja kwa moja. Acha bomba limwage yale ya mwanzo yenye kutu, kinga yanayofuata, yaache yatulie usiku kucha, kisha mimina ya juu taratibu kupitia kitambaa safi cha pamba. Mshumaa utadumu zaidi. Na usimimine maji ya moto. Kitako cha mshumaa kimegandishwa kwa gundi, joto linakiachisha kidogo kidogo hadi maji yanapita pembeni bila kuchujwa. Kama mnachemsha, ni bora kuchuja kwanza, kuchemsha baadaye, halafu kuhifadhi kwenye chombo hicho hicho yalimochemkia kikiwa kimefunikwa. Mazoea ya kuchemsha kisha kupitisha kwenye chujio ni kuyachukua maji yaliyokwisha kupona na kuyarudisha kwenye ndoo ambayo huijui usafi wake.

Kusafisha mshumaa ni rahisi. Nawa mikono, ufungue nati ya plastiki chini ya ndoo ya juu, utoe mshumaa, uusugue kwa mswaki mpya au sponji laini chini ya maji yaliyochujwa. Utaona ute wa kahawia unaondoka na weupe unarudi. Usitumie sabuni kabisa. Inaingia kwenye vitundu na mtakunywa povu kwa wiki nzima. Usitumie stili waya. Ushike kwa kitako, maana sehemu nyeupe ndiyo kichujio na mafuta ya mikono yanauziba. Kila unaposugua unaondoa tabaka jembamba, kwa hiyo sugua pale tu maji yanapokuwa mazito kutoka. Kusugua kila siku ni kuumaliza. Mishumaa mingi siku hizi ina mkaa ndani, ambao unaondoa harufu na ladha ya klorini, na mkaa huo unaisha nguvu baada ya miezi sita hivi hata kama udongo wa nje bado mnene. Fuata muda ulioandikwa kwenye boksi.

Kasi ya maji ndiyo itakayokuambia hali ya mshumaa, ukiisoma vizuri. Chujio likipunguza mwendo polepole, ni uchafu, lisugue. Chujio likiharakisha ghafla, acha kunywa. Watu wanafurahi wakiona ndoo imejaa upesi, kumbe mshumaa umepata ufa, au ule mpira wa kuzuia kuvuja umekaa vibaya. Ninavyopima ni hivi: naulowesha mshumaa kwenye maji hadi ushibe, nauzamisha kwenye bakuli la maji safi, kile kishina cha chini nikiwa nimekiacha nje na nimekivika kipande cha mpira safi, kisha napuliza kwa mdomo. Mshumaa mzima hautoi kitu, hewa inagoma. Wenye ufa utakuonyesha msururu wa mapovu kutoka sehemu moja, hata kama kwa macho huoni mstari wowote. Huo unatupwa, haugundishwi.

Sasa ndoo ya chini. Maji yaliyochujwa hayana dawa iliyobaki ndani yake, na kama mshumaa una mkaa basi hata klorini iliyotoka kiwandani imeondolewa. Kijidudu chochote kitakachoingia humo hakina cha kukizuia. Na kinaingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni mkono unaoshika mdomo wa koki wakati wa kufungua, hasa wa mtoto anayetoka kucheza. Ya pili ni ile tabia ya kufunua ndoo na kuchota kwa kikombe kwa sababu koki inatoa taratibu. Ya tatu ni utando unaoota humo humo. Pitisha kidole ukutani mwa ndoo ya chini, chini ya usawa wa maji: ukisikia utelezi, huo ndio utando. Kisha fungua koki. Legeza nati kwa ndani, itoe nzima, uiangalie kwenye mwanga. Katika nyumba nyingi nilizofungua, kwenye kona ya ndani pale maji yanapotuama kuna uzi mweusi au wa kahawia, laini, wenye harufu ya kitambaa cha jikoni kilicholala mvua. Kila glasi ya maji inapita hapo.

Kila wiki, ndoo ya chini inamwagwa, inasuguliwa kwa sponji ambayo haijawahi kuosha vyombo vya mafuta, na kusuuzwa. Hapa sabuni inaruhusiwa kwa sababu ni plastiki tupu, ila isuuzwe mpaka iishe. Kila mwezi, koki inatoka. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha Jiki isiyo na manukato kwenye lita tano za maji, loweka koki, nati na mfuniko nusu saa, na mimina mengine kwenye ndoo yenyewe. Sugua ndani ya koki kwa brashi nyembamba ya kusafishia chuchu za chupa za watoto. Suuza kwa maji yaliyochujwa, rudisha, kaza kwa mkono tu, usitumie koleo. Mpira wa koki ukiwa umekakamaa au umepasuka, koki mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na safari moja ya hospitali.

Dawa ya maji, vidonge kama WaterGuard, inakaa chini, si juu. Ukiweka kwenye ndoo ya juu, mkaa ulio ndani ya mshumaa utaifyonza na utakuwa umeitupa. Weka kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, koroga kwa kijiko safi, subiri dakika thelathini. Hapo kweli una ulinzi wa aina mbili: mshumaa umeondoa amiba na vimelea wengine wagumu ambao klorini hupata shida kuwaua, na klorini imemaliza virusi vilivyopenya, na inaendelea kulinda maji yakiwa ndooni. Wenye mtoto mchanga au mgonjwa ndani, fanyeni hivi hata kama hakuna mlipuko wowote uliotangazwa.

Simtanki lisisahaulike. Kama juu ya paa mna tope la vidole viwili, mshumaa unafanya kazi ya punda. Osheni tangi angalau mara mbili kwa mwaka, na mfuniko ufungike kweli, mijusi na ndege wasiingie.

Na mkisafiri, kwa mfano mnakwenda nyumbani Desemba, msiache chujio na maji ndani. Maji yaliyolala wiki mbili kwenye joto la Dar yataotesha utando hadi ndani ya mshumaa. Mwageni yote, sugueni mishumaa, iwekeni kivulini ikauke kabisa, ifungeni kwenye kitambaa safi, ndoo muache zimekauka na mifuniko imelegezwa kidogo. Mkirudi, lowekeni mishumaa tena, jazeni ndoo ya juu, na maji ya kwanza na ya pili yatakayoshuka myafulie nguo. Yanayofuata ndiyo ya kunywa.