Kabla hamjaenda halmashauri kuomba mkopo wa asilimia 10

Wiki iliyopita binti mmoja alinifuata sokoni hapa Bagamoyo, pale ufukweni tunapokaangia samaki. “Shangazi, nasikia halmashauri wanatoa mkopo wa akina mama. Niandikie barua.” Nikamuuliza kikundi chao kina watu wangapi. Akasema kikundi bado, watakitafuta wakishajua pesa zinatoka lini. Nikaepua karai nikamkalisha chini, maana mlango huo ndio niliopitia mimi, na miaka miwili mizima nilikuwa nalipa deni ambalo faida yake sikuiona.

Kwanza jueni pesa hiyo inatoka wapi. Si fadhila ya mbunge wala zawadi ya diwani. Kila halmashauri nchini Tanzania inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangu 2018 jambo hili limo kwenye sheria, na mkopo hauna riba. Ushuru tunaotozwa sisi wauza samaki unaingia kwenye mapato hayo hayo. Kwa hiyo mwanamke asiingie ofisini amejikunyata kama anayeomba sadaka.

Sisi mwaka 2019 tulikuwa kumi, kwa kuwa kanuni za wakati ule zilitaka wanawake wasiopungua kumi. (Baadaye idadi ilishushwa, sasa watano wanatosha.) Wanne tulikuwa tunajuana vizuri, tumekaanga samaki jiko kwa jiko miaka mingi. Sita tuliwaokoteza ili idadi itimie. Katiba tuliinunua steshenari, tukabadilisha jina tu. Kwenye andiko la mradi tuliandika tutanunua dagaa mnadani, tutawakausha kwenye chanja na kuwauza kwa magunia. Tukapata milioni 5, na jioni ile ile tuliyozitoa benki tukagawana laki tano tano.

Mmoja akaezeka nyumba. Mwingine akalipa ada. Mimi nilinunua mafuta na mkaa, nikaongeza mtaji wa karai langu. Siwalaumu, kila mtu alikuwa na shida yake ya kweli. Lakini marejesho yalikuja kwa jina la kikundi, si kwa jina la aliyenunua bati. Kwenye rejesho la mwezi wa nne tangu tukope, wawili hawakuonekana, mmoja tukasikia amehamia Chalinze. Waliobaki tukawa tunachangishana kulipa pesa ambazo hatukuzila, na chanja hata moja haikujengwa.

Kuna kosa jingine ambalo wenzangu wa pwani wanalirudia mpaka leo. Tulikubali kulipa kila mwezi tarehe moja bila kujiuliza bahari inasemaje. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, boti zinalala, na sisi tunakaa. Kusi likivuma kwa nguvu hata giza lenyewe si la kutegemea. Siku hizi utaratibu wetu ni mmoja: kila giza, kabla mtu hajashika faida yake, rejesho zima linatolewa na kupelekwa benki. Likibaki mkononi mpaka mbalamwezi, litakuwa limeshaliwa. Wewe kama unalima mpunga au mwani, kaa na wenzako mhesabu miezi yenu ya njaa kabla ya kusaini, kwa sababu ukishasaini tarehe haikungoji.

Aprili 2023 serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Wengi hapa sokoni walilia. Mimi iliniuma, lakini niliona ni haki, kwa sababu nilikuwa nimeshuhudia kwa macho yangu pesa ya umma ikigawanwa juu ya mkeka.

Kipindi hicho ndicho kilichotujenga. Tulibaki saba, tukaanza kuweka elfu tano tano kila wiki, kwa daftari, bila kumngoja mtu. Tukajenga chanja mbili. Tukanunua friza moja. Mikopo iliporudi 2024, kwa utaratibu mpya na uhakiki mkali zaidi, waliokuja kututembelea hawakukuta karatasi tupu. Walikuta dagaa juani, friza inanguruma, na daftari lenye majina na saini za mwaka mzima.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Mtu wa kwanza wa kumwendea ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Mwendee kabla hamjahitaji pesa. Wetu alisoma katiba yetu ya zamani akauliza: mwanachama akifariki, deni lake analipa nani? Akihama je? Ikawa kimya. Tuliiandika upya, siku tatu, kwa maneno yetu wenyewe, na ugomvi uliotokea siku hizo tatu umetuepusha na mwingine mkubwa zaidi. Siku hizi maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, basi kila mmoja awe na namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na majina yafanane kila mahali. Asha kwenye kitambulisho asiwe Mwanaasha kwenye akaunti ya benki. Herufi moja inaweza kuwarudisha nyuma wiki nzima.

Mtu akikwambia ana mkono wake ofisini na anataka kidogo ili jina lenu litoke, achaneni naye hapo hapo. TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapigiwa 113, bure.

Mnaotaka kufungasha dagaa kwenye pakiti, nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkajifunze usindikaji na ufungashaji, halafu mfuate alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Na kikundi kikishasimama, ulizieni zabuni: sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za serikali kutenga asilimia 30 ya ununuzi wake kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Sisi huko bado hatujafika, tunajiandaa.

Jambo la mwisho ni zito. Mwenzetu mmoja mume wake alimnyang’anya fungu lake la mauzo, akampiga alipokataa. Tulimsindikiza watano hadi dawati la jinsia na watoto la polisi, kwa sababu peke yake asingekwenda. Liandikeni hilo kwenye katiba yenu pia: mwenzenu akipigwa kwa ajili ya pesa ya kikundi, ni shauri la kikundi. Sisi tumeliandika, kifungu cha tisa.

Yule binti alirudi juzi na wenzake wanne, wote wasusi wa mtaa mmoja. Pesa hawakuitaja, wameomba kuona daftari letu. Na wewe ukitaka kuliona, karibu sokoni, ila njoo mwezi ukiwa mkubwa, ndipo tunapokuwa na nafasi ya kukaa.