Meli ya kitalii Dubai: utatapika?

Mdogo wangu wa Chake, umeuliza hiyo meli atakayokupandisha kaka yako Dubai ikoje na kama utatapika. Usiogope, ile kubwa mno, haikurushi kama boti ya Pemba inapokata mkondo wa Nungwi wakati wa kusi, ila mwambie achukue chumba cha katikati, ghorofa za chini, huko mtikisiko mdogo.

Chakula wallahi utakula mpaka uchoke, kimo kwenye tiketi, lakini soda, intaneti na bakshishi za wafanyakazi mara nyingi hulipwa mbali, na kadi ya kufungulia mlango ndo hiyo hiyo unayokatwa kila ukinunua kitu, siku ya mwisho inakuja bili, hapo ndo watu macho huwatoka. Chakula cha halali kiulizwe wakati wa kubuku, sio ushakaa mezani.

Begi kubwa unalikabidhi bandarini na linaweza kufika chumbani jioni, kwa hivyo dawa, paspoti na baibui la kubadili weka mkobani. Viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikikupelekeni Muscat, kule Oman, mkirudi Dubai ni kuingia upya. Na mkishuka kutembea angalia saa ya kurudi, ukichelewa meli inaondoka na nauli ya kuifuata bandari ya mbele juu yako.