Matairi ya Subaru WRX: yanunuliwe manne kwa mpigo

Impreza WRX ikishuka bandarini kutoka Japani, tazama ubavu wa tairi kabla hujavutiwa na bodi. Nyingi huja zikiwa zimevaa matairi ya msimu wa theluji. Utaona neno STUDLESS, na kashata zimechanjwa michirizi myembamba kama ya wembe. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili ushike barafu. Kwenye lami ya Dar es Salaam saa saba mchana hulegea kama bigijii: gari linayumba kwenye kona, breki zinachelewa kushika, na mpira unaisha upesi. Mengi yana herufi Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa. Yatoe hata kama yanaonekana mapya.

Saizi imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na hutofautiana kwa mwaka na toleo. Tuchukue 225/45R17 91W. Upana ni milimita 225, urefu wa ubavu ni asilimia 45 ya upana huo (kama milimita 101), rimu ni inchi 17. Hiyo 91 ina maana kila tairi linabeba kilo 615, na W ni kilomita 270 kwa saa. Namba na herufi hizo mbili za mwisho unaweza kupanda, usishuke. Muuzaji atakwambia, "T inatosha, bosi, nani anakimbia 190?" Lakini herufi hiyo inaeleza pia tairi linavyostahimili joto na kona kali, na WRX hununuliwa kwa ajili ya kona.

Kosa linalogharimu zaidi ni kununua mawili. Kwenye gari la kuvuta mbele utapona. Subaru inavuta magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo hesabu hubadilika. Tairi jipya la saizi hiyo lina mzingo wa karibu mita 1.99. Likishaliwa milimita 4 za kashata, mzingo hupungua kwa kama sentimita 2.5, na ili liende sawa na jipya inabidi lizunguke mara sita zaidi kila kilomita. Ukifunga mapya mbele na kuacha makuukuu nyuma, kutoka Dar mpaka Morogoro tofauti inapita mizunguko elfu moja. Tofauti hiyo yote inamezwa na difu ya kati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwenye WRX za gia ya mkono, ndani yake kuna kifaa chenye mafuta mazito, nacho huchemka mpaka kinakaza. Dalili utaiona ukikata kona kali kwenye maegesho: gari linajivuta kama limeshikwa breki.

Subaru wenyewe wanataka mizingo isipishane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Hiyo ni sawa na milimita 1 tu ya kashata. Pima kwa futi ya fundi cherehani, gurudumu likiwa juu ya jeki na upepo ukiwa sawa kote. Likipasuka moja na mengine yangali mazuri, tafuta la aina ileile lililoliwa kiasi kilekile. Usipolipata, ni manne tena. Bora manne ya bei ya kati kuliko mawili ya kifahari.

Ukinunua mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililozidi miaka sita liache. Ingiza mkono ndani. Ukitoka na unga mweusi wa mpira, tairi hilo lilishakimbizwa bila upepo na ubavu wake umekufa, hata kama nje linang'aa.

Matairi ya mashindano, yenye TREADWEAR (namba ya ubavuni inayoonyesha mpira unavyochelewa kuisha) 200 au chini, yanang'ata lami kavu kwelikweli. Masika ni habari nyingine: mengi yana mifereji michache, maji hayapati pa kutokea na gari linaelea. Kwa gari la kila siku tafuta 300 kwenda juu, yenye TRACTION (alama ya kushika breki kwenye maji) A au AA.

Kama matairi ya zamani yameliwa upande wa ndani tu, rekebisha alaimenti kwanza, la sivyo mapya yatafuata njia hiyohiyo. Wakati wa kufunga, neno OUTSIDE litazame nje, na mshale wa ROTATION uelekee mbele. Mafundi pancha wengi hujaza upepo wa psi 40 kwa kila gari; kibandiko cha Kijapani huandika kilopaskali, na 230 ni psi 33 tu, ipimwe tairi likiwa baridi. Nati zikazwe kwa msalaba, kwa spana ya kupimia nguvu, halafu zikaguliwe tena baada ya kilomita 100. Mpaka hapo usijaribu kona kali yoyote, maana tairi jipya bado lina utelezi wa kiwandani.