Rangi ya visahani vya mawe ya Kisii
Ukijiuliza kama rangi ya kisahani cha jiwe la Kisii ni ya asili au ya kupakwa: waridi hafifu yenye mishipa ni rangi ya jiwe lenyewe. Nyekundu na buluu kali unazoziona kwenye visahani vinavyouzwa Kisumu ni za kupakwa. Jiwe huchimbwa Tabaka, kule Kisii, likiwa jeupe, la maziwa, la waridi au la kijivu. Fundi hulichonga, akalipiga msasa kwa maji, ndipo apake rangi na kuchora maua kwa ncha kali. Ndiyo maana mistari ya maua hubaki myeupe. Kwaruza kidogo chini ya kisahani kwa sindano utajua kama kimepakwa rangi. Kwa kuwekea pete na funguo, chochote ni sawa, tena kinapendeza mno! Ila kilichopakwa usitilie chakula cha moto, na kisianguke, kinavunjika upesi.