Mikono Ikikutetemeka Kabla ya Kuongoza Mchezo

Msomaji mmoja wa Langoni ameniandikia. Ijumaa usiku ataongoza Dungeons & Dragons kwa mara ya kwanza, mchezo wa hadithi ambamo kiongozi husimulia, kila mchezaji huwa mhusika, na dadu huamua mambo yenye shaka; wachezaji wanne wa rika lake, barazani kwao, na usingizi umeshampaa.

Ndugu yangu, hofu hii aghalabu huletwa na kuandaa kisichohitajika. Mtu huandika kurasa kumi za historia ya ufalme, kisha mchezaji wa kwanza anauliza jina la mwenye duka, naye anakwama. Karatasi moja yatosha: maneno ya kufungulia, majina manane ya akiba, maadui watatu.

Maneno ya kufungulia yaandike yote na uyasome kwa sauti mara tano, maana dakika za mwanzo ndizo ngumu. "Maji yamekupwa. Jahazi limekaa mchangani katika mkondo wa Mkanda, na nahodha haonekani. Mnafanya nini?" Hapo umeshapata na muda: maji huchukua kama saa sita kujaa. Tangulia na paukwa. Wakishaitikia pakawa, si wewe peke yako unayesema.

Kosa linaloua mchezo ni kuitundika njia yote kwenye dadu. Kwa kanuni za toleo la tano, jambo la ugumu wa wastani hudai 15 au zaidi, dadu pamoja na nyongeza ya uwezo wa mhusika. Asiye na nyongeza, kwa dadu ya pande 20, hufaulu mara 6 tu kati ya 20. Ukisema nyayo za nahodha zinaonekana kwa 15, na wote wanne wakakosa, hadithi imefia mikokoni na jasho linakutoka. Nyayo wazione bure. Dadu iamue kama watamfikia kabla maji hayajajaa, na atakayekosa afike vilevile, ila taa imemzimikia.

Vitani kuwa na kiasi. Mhusika mchawi wa daraja la kwanza huanza na pointi 6 za uhai, pamoja na nyongeza ya uimara wa mwili wake. Mapigo mawili yanaweza kumlaza.

Kanuni ikikupotea, amua ndani ya dakika moja, iandike pembeni, itafute kesho. Wachezaji husamehe uamuzi mbovu. Kungoja ukifunua kitabu ndiko kunakowachosha.

Baada ya saa moja na nusu simamisheni, kahawa ipite. Kabla hawajaondoka, muulize kila mmoja anataka kwenda wapi mara ijayo. Andaa hapo tu.