Kupanga nyumba Lyon na familia: mtaa, karatasi na sanaa ya jiji

Ndugu yangu unayehamia Lyon na mkeo na mtoto wenu kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili, nimesoma maswali yako matatu: mkae mtaa gani, mtapataje nyumba bila mdhamini aliyeko Ufaransa, na kama mkeo, aliyezoea maigizo na muziki wa jukwaani, atapata mahali pake katika jiji hilo. Nimeishi Lyon miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye mwajiriwa mwenye familia, na ninavyoona mimi maswali hayo hayatenganishiki. Katika jiji hili kazi za mikono na sanaa ndizo zilizozipa nyumba umbo lake na mitaa tabia yake, kwa hiyo anayechagua makazi kwa kupima umbali wa kwenda kazini peke yake hulipa kodi kubwa na kubaki mgeni.

Chukua Croix-Rousse, kilima kilichokuwa cha wafumaji wa hariri, wale walioasi mwaka 1831 na tena 1834 wakidai malipo ya haki. Mitambo ya Jacquard waliyofumia majumbani mwao ilikuwa mirefu mno, ndiyo maana nyumba za huko zina kimo cha karibu mita 4 kutoka sakafuni hadi darini, boriti nene zilizo wazi, na madirisha marefu ya kuingiza mwanga wa kutosha kuona uzi. Familia ililala juu ya jukwaa la mbao lililojengwa ndani ya chumba kilekile cha kazi. Majukwaa ya aina hiyo yamo hadi leo na yanapendeza sana, lakini angalia jambo moja kabla ya kuafiki bei: sheria haihesabu sehemu yenye kimo cha chini ya mita 1.80 katika ukubwa wa nyumba. Tangazo likisema mita za mraba 50, uliza kama jukwaa limejumlishwa, kisha panda mwenyewe ukasimame juu yake.

Ukubwa huo una uzito kwa sababu tangu tarehe 1 Novemba 2021 Lyon na jirani yake Villeurbanne zina ukomo wa kodi za nyumba. Kila mwaka hutangazwa kodi elekezi kwa mita ya mraba, kulingana na eneo, idadi ya vyumba, enzi ya ujenzi, na kama nyumba ina fanicha au ni tupu. Mwenye nyumba haruhusiwi kuzidi kiwango hicho kwa zaidi ya asilimia 20, na kiwango chenyewe lazima kiandikwe katika mkataba. Nyumba yenye sifa za pekee inaweza kutozwa nyongeza, na mpangaji ana miezi 3 tangu kutia saini ya kuipinga. Nawasihi wageni wasione haya kuuliza jambo hili, kwa maana mwenye nyumba mwema haudhiki kwa kuulizwa sheria.

Sasa karatasi, ambazo ndizo hasa zinazowachelewesha watu wetu. Mwenye nyumba au dalali hutaka kuona kitambulisho, mkataba wa kazi, hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho na taarifa ya kodi ya mapato, na wengi hupendelea mpangaji ambaye kipato chake ni mara tatu ya kodi ya nyumba. Wewe hutakuwa bado na hati za mshahara za Ufaransa, kwa hiyo mwombe mwajiri barua inayotaja cheo, mshahara na tarehe ya kuanza kazi, uje nayo mkononi. Kuhusu mdhamini, omba Visale mapema: ni dhamana ya bure inayowahusu vijana wa miaka 18 hadi 30, na pia wafanyakazi waliopita umri huo kwa masharti fulani ya kazi na mshahara, na ni lazima ipatikane kabla ya kutia saini mkataba. Karatasi zote ziweke DossierFacile, huduma ya bure ya serikali inayozikagua na kuzitia alama ili matapeli wasizitumie.

Amana ya nyumba tupu haizidi kodi ya mwezi mmoja, na ya yenye fanicha miezi miwili. Anayekutaka picha ya kadi yako ya benki, au fedha za kukushikia nyumba ambayo hujaitia saini, anavunja sheria. Achana naye hata kama picha za nyumba zinavutia kiasi gani. Nyumba iliyopimwa daraja la G, la chini kabisa, kwa matumizi ya nishati hairuhusiwi kupangishwa kwa mkataba mpya tangu Januari 2025, na kwa mtu anayetoka pwani ya joto hilo si jambo dogo ifikapo Januari.

Kwa miezi ya mwanzo, fikirieni mkataba uitwao bail mobilité, wa mwezi 1 hadi 10, kwa nyumba yenye fanicha na bila amana, uliowekwa kwa ajili ya watu kama wewe wanaohamishwa kikazi. Utawapa nafasi ya kuijua mitaa kwa miguu. Epukeni kuanza kutafuta mwezi Septemba, wanafunzi wanapomiminika na foleni ya watazamaji kushuka ngazi hadi barabarani.

Mitaa yenyewe sasa. Ikiwa bajeti haifiki Croix-Rousse, ningewapeleka Villeurbanne bila kusita. Iko kwenye metro ya mstari A, ina kitovu cha majengo marefu meupe yaliyojengwa miaka ya 1930, na humo ndimo ilimo TNP, jumba kubwa la maigizo lenye historia ya kuwafikia wananchi wa kawaida. Mwaka 2022 mji huo ulikuwa wa kwanza kupewa hadhi ya mji mkuu wa utamaduni wa Ufaransa. Guillotière, katika wilaya ya 7, ndiko mtakakonunua ndizi za kupika, mihogo na unga, na si ajabu kusikia Kiswahili cha Wakongo kwenye foleni ya duka. Kuna kelele usiku, hilo nalisema wazi, lakini sikuona mtaa mwingine ambao mgeni huzoea haraka kiasi hicho. Gerland kuna shule ya kimataifa ya serikali, ikiwa mtoto atahitaji masomo ya Kiingereza.

Mkeo asisubiri mpaka Kifaransa kikae sawa. Aanze na Maison de la Danse katika wilaya ya 8, kwa kuwa ngoma haihitaji tafsiri, na na Nuits de Fourvière, tamasha la Juni na Julai ndani ya ukumbi wa Kirumi wenye umri wa takriban miaka 2,000. Watazamaji hukaa juu ya mawe wakiwa na mito midogo ya kukalia, na onyesho likiwafurahisha huirusha kwa mamia kuelekea jukwaani. Mtoto mpelekeni kwa Guignol, kikaragosi aliyezaliwa Lyon mwanzoni mwa karne ya 19; makavazi ya sanaa ya Place des Terreaux hayawatozi walio chini ya miaka 18.

Lakini kilichowabadilishia maisha wageni wengi ninaowafahamu ni Défilé, maandamano makubwa ya ngoma ya tamasha la Biennale de la danse, linalofanyika Septemba kila baada ya miaka miwili. Wachezaji ni wakazi wa kawaida wa Lyon na vitongoji vyake, wakifundishwa na walimu wa ngoma kwa miezi mingi katika vituo vya mitaa. Hakuna anayeulizwa cheti wala lafudhi. Mkishapata anwani, aulize kwenye kituo cha mtaa wenu ni lini kundi lao litaanza kuandikisha, maana nafasi hufungwa mapema kabla ya tamasha.

Ukipata tangazo la nyumba unalolipenda, liandike hapa: eneo, idadi ya vyumba, ukubwa, enzi ya ujenzi, fanicha na kodi inayotakiwa. Nitakusaidia kuilinganisha na kodi elekezi kabla hujatia saini.